Turubai la Mavuno

Emma aliliona turubai kabla hajauona mlango wa ukumbi. Lilikuwa lile kubwa la buluu ambalo wazee walilinunua kwa ajili ya msiba mmoja huko Barking, London, na tangu hapo halikukosekana kwenye shughuli yoyote ya watu wa ibada ya Kiswahili, iwe harusi, kipaimara au kumuaga anayerudi nyumbani. Sasa lilikuwa limefungwa kwenye jukwaa la mafundi lililosimama mbele ya ukumbi. Pembe zake za juu zilifungwa kwenye mabomba ya ghorofa ya pili, za chini kwenye nguzo za kando ya barabara. Upepo ulipoingia, turubai lilijaa kama tumbo. Ulipotoka, lilianguka na kupiga mbao. Na kila lilipojaa, vyuma vya jukwaa vilitoa mlio mwembamba ambao Emma aliufahamu, maana kazini kwake walimfundisha kuusikiliza.

Ukumbi wenyewe ulikuwa nyumba ya matofali mekundu kwenye mtaa mfupi unaotokea barabara ya maduka ya Ilford. Tangu mwisho wa kiangazi mwenye nyumba alikuwa akitengeneza paa, na mafundi wake walikuwa wamesimamisha jukwaa la mabomba na mbao juu ya njia ya waenda kwa miguu, kuanzia mlango wa ukumbi hadi duka la vitambaa la Bwana Rasik, jirani yao. Watu walishalizoea. Mvua ikinyesha, walijibanza chini yake na kulishukuru.

Siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Waliotoka Bukoba na Moshi na Mbeya walikuwa wameileta London desturi yao nzima bila kuacha kipande. Ibada ikiisha, mchungaji hutangulia mlangoni, watu humfuata wakiimba, wanatoka nje na kupanga mstari wa kupeana mikono, kila mtu na kila mtu, hadi wa mwisho ashikwe mkono na wote. Halafu unafuata mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka. Kule nyumbani makanisa yana viwanja. Hapa palikuwa na njia ya miguu tu, na ndipo mstari ulipopangwa kila Jumapili, wapita njia wakiuzunguka kwa subira. Wiki hii utabiri ulisema mvua na upepo, na Mzee Norbert, mzee wa kanisa aliyewahi kuwa ofisa wa ugavi jeshini, akapata wazo. Jukwaa lipo, turubai lipo, kwa nini watu waloe? Asubuhi alipanda kwa ngazi ya ukumbini na kulifunga mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Emma hakuwa na habari ya wazo hilo. Alikuwa ametoka moja kwa moja kazini Stratford, ambako aliombwa afanye shifti ya asubuhi. Alisomea ujenzi katika chuo cha ufundi kabla ya kuja kuishi na mama yake mdogo, Generosa, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Kazi yake sasa ilikuwa kusimama chini ya jukwaa jingine, refu kuliko hili, akiwa na helmeti na kizibao cha reflekta cha rangi ya chungwa, na kuwaelekeza wapita njia upande ulio salama. Msimamizi wake alipenda kumtania kwamba anasimamisha watu kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Kweli alikuwa na sauti ndogo. Shuleni walimu walimwambia arudie jibu mara nyingi mno hadi akaacha kunyoosha mkono.

Lakini kitu kimoja alikijua vizuri. Jukwaa la namna ile limejengwa kwa upepo unaopita katikati ya mabomba yake. Ukilivika kitambaa, upepo haupiti tena, unalisukuma lote kama mtu anavyosukuma mlango. Na kinacholizuia lisiangukie barabarani ni vishikio vichache vya chuma vilivyochomekwa kwenye matofali. Aliinua macho akavitafuta. Kile cha juu ya mlango wa ukumbi kilikuwa kimeshatoka. Kilining'inia kama jino la mtoto, na tundu lake ukutani lilikuwa likimwaga unga mwekundu. Kingine, juu ya duka la Bwana Rasik, kilikuwa kinacheza.

Alikimbilia nguzo ya karibu na kushika kamba. Ilikuwa imelowa na fundo lilikuwa limevutwa na upepo hadi likawa gumu kama kokwa. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno. Juu yake ubao mmoja ulihama mahali pake kwa kishindo kifupi, na mguu wa nguzo aliyoishika ukanyanyuka kidogo kutoka kwenye kipande chake cha chuma, ukarudi. Emma aliachia kamba na kurudi nyuma hadi katikati ya barabara.

Kwenye ubao wa mafundi palikuwa na namba ya simu. Alipiga, akajibiwa na sauti iliyorekodiwa kwamba ofisi itafunguliwa Jumatatu. Akapiga namba ya dharura. Mwanamke aliyepokea alikuwa mtulivu sana. Alimuuliza kama kuna mtu aliyeumia, na Emma akasema bado. Mwanamke akamweleza kwamba upepo umeangusha miti na mapaa mji mzima, zimamoto watakuja mara watakapopatikana, na hadi hapo watu wote wakae mbali na yeye mwenyewe asiende chini yake. Emma alisema ndiyo, asante. Baadaye alijiuliza alikuwa anashukuru nini.

Alitoa reflekta kwenye mkoba, akaivaa.

Mara tu alipoivaa, watu wasiomjua walianza kumtii. Kijana mwenye mifuko ya duka alisimama bila kuuliza. Mama mwenye kigari cha mtoto alivuka barabara. Emma alinyoosha mkono tu na njia ikawa tupu. Alivuta mapipa ya taka ya jirani akaziba upande mmoja, na kwa upande wa pili alimgongea Bwana Rasik kioo.

Bwana Rasik alizaliwa Mwanza, akaja Uingereza kijana, na Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha dukani kwa baba yake. Alitoka akiwa na miwani kichwani, akatazama juu alikoonyeshwa, na uso wake ukabadilika.

"Nani huyu kafunga hema hapa?"

"Wazee wa kanisa. Bwana Rasik, tafadhali, zuia upande huu. Mtu yeyote asipite."

Hakuuliza la pili. Alianza kusukuma nje vichanja vya magurudumu vyenye majora ya vitambaa, akavipanga njiani kama ukuta. Wateja wawili aliokuwa nao aliwatoa kwa mlango wa nyuma.

Ndipo Emma aliposikia, kupitia milango ya ukumbi, watu wakisema pamoja ile sala ndefu inayosemwa baada ya sadaka. Sala ile hufuatwa na baraka, na baraka hufuatwa na wimbo wa kutokea. Baada ya hapo mlango ungefunguliwa, na watu wote anaowajua katika nchi hii wangetoka na kusimama chini ya lile turubai, mkono kwa mkono, bila haraka.

Hakutaka kufikiri zaidi. Aliinamisha kichwa, akapita chini ya mbao zilizokuwa zikitetemeka, akaingia.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya ndizi mbivu. Mavuno yalijaa mbele ya madhabahu. Palikuwa na maboga ya bustani za kukodi, mchicha uliooteshwa dirishani, mikungu ya matoke kutoka soko la Upton Park, kuku wa friji ambao mnadi, Mzee Telesphor, huwawikia kama jogoo kila mwaka ili wapande bei, na kopo moja la senene, wale panzi wa kukaangwa, lililosafiri kutoka Bukoba kwenye sanduku la mtu. Mzee Norbert alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, suti ya kijivu, mgongo umenyooka. Emma alimwinamia, na hata wakati huo mdomo wake ulianzia pale ulipofundishwa kuanzia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa leo. Habari za kazi?"

"Nzuri. Mzee, turubai linaling'oa jukwaa. Watu wasitoke."

Mzee Norbert alitabasamu kwa upole wa mtu anayesifiwa. "Usiwe na wasiwasi. Fundo langu halifunguki."

"Ndiyo shida yenyewe, mzee. Halifunguki, na upepo unavuta jukwaa lote. Kishikio kimoja kimeshatoka."

"Watu wa hapa wamejenga kwa chuma kitupu, Emma. Si miti ya mikaratusi." Aliitazama reflekta. "Na hilo vazi la kazi livue. Uko kanisani."

Akageukia mbele, akafumba macho, kwa sababu Mchungaji Jotham alikuwa ameinua mikono kutoa baraka.

Emma alisimama pale katikati ya watu waliofumba macho. Alifikiria kupiga kelele. Lakini angesema nini? Akisema hatari, watu wangekimbia, na wangekimbilia mlango huu. Kengele ya moto ilikuwa ukutani, nyekundu, karibu na bega lake. Kengele ile imewekwa kutoa watu nje. Mabango yote ya ukumbini, mishale yote ya kijani, kila zoezi walilowahi kufanya na watoto wa shule ya Jumapili, vyote vilisema jambo moja: jambo likitokea, tokeni nje. Hapakuwa na bango lolote lililosema kaeni.

Alipita njia ya katikati kuelekea mbele. Hakuna mtu anayetembea wakati wa baraka, na mtoto mmoja aliyekuwa amechungulia alimtolea macho. Alipofika, mchungaji alikuwa anasema amina na kwaya ilikuwa imeshaanza. Emma alimwambia mlango wa mbele usifunguliwe, akamwambia jukwaa linaanguka, lakini ngoma ilikuwa pembeni yao na sauti yake haikufika popote. Mchungaji Jotham aliinamisha sikio. Alikuwa kijana bado, mwema, na alikuwa amezoea wasichana wanaokuja mbele na machozi machoni. Akamgusa bega.

"Tutaongea nje, dada yangu," alisema, na akaanza kutembea.

Watu walisimama. Viti vilikwaruza sakafu. Emma alipenya pembeni, kando ya ukuta, akaruka mikoba na miguu ya watu, akakanyaga bibi mmoja na hakugeuka kuomba radhi. Alifika mlangoni kabla ya mchungaji. Milango ile miwili ya zamani ilifunguka kwa ndani. Aliigeuzia mgongo, akabana visigino sakafuni na kuegemea kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi.

Mzee Norbert alishika kitasa kando yake, akavuta. Mlango haukuja.

"Emma. Toka hapo."

Alitikisa kichwa.

"Binti, mchungaji anasubiri. Unatia aibu. Mama yako atasema nini?"

Nyuma yao watu waliendelea kuimba na kusogea, kama wanavyosogea siku zote, waliokuwa nyuma wasijue kwamba walio mbele wamesimama. Msukumo wao ulimbana Emma kwenye mbao za mlango. Kwa namna fulani ulimsaidia, maana mlango usingeweza kufunguka bila watu kurudi nyuma kwanza, na hakuna aliyerudi nyuma. Mama mmoja alimuuliza kama anaumwa. Mwingine alisema mpeni maji. Mtu akacheka akasema labda ameanza mnada mapema, anauza mlango.

Wakati huo Emma aligeuza kichwa. Kila mlango ulikuwa na kioo kidogo cha mraba, usawa wa macho. Aliangalia kupitia kioo akitaka kuona kama zimamoto wamefika, akamwona mama yake mdogo.

Mama Generosa alikuwa nje, chini ya turubai, anatandika kitambaa cha meza. Alikuwa ametokea mlango wa jikoni, ule wa uchochoroni, wakati wa baraka, ili mnada ukute meza iko tayari. Alikuwa anapenda meza yake ipangike. Upepo ulikuwa unakipeperusha kitambaa, naye alikuwa anakiwekea maboga kwenye pembe, boga moja huku, boga moja kule, kilemba chake cha kitenge kimelegea.

Emma alitoa simu mfukoni kwa mkono uliokuwa huru, akapiga. Simu ya mama yake mdogo iliita papo hapo, ndani ya ukumbi, kwenye mkoba ulioachwa juu ya kiti cha mstari wa pili kutoka nyuma. Iliita ule mlio wake wa kuku ambao Emma mwenyewe aliuweka kwa utani.

Akagonga kioo kwa kiganja. Mama Generosa aliinua uso, akamwona, akatabasamu. Akamwonyesha kitambaa kwa mkono, kana kwamba anauliza, kimekaa sawa? Emma alimpungia aondoke, aondoke. Mama yake mdogo aliweka kiganja nyuma ya sikio. Halafu akaona kwamba turubai limeinuka upande mmoja na kamba inacheza, naye akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa shughuli angefanya. Aliiacha meza, akaenda kuishika kamba.

"Mchungaji," Emma alisema. Mchungaji Jotham alikuwa sasa mbele yake, karibu sana, amebanwa na watu. "Mama mdogo yuko nje. Jukwaa linaanguka."

Safari hii alimsikia. Aliangalia kupitia kioo. Aliona kamba, aliona mama aliyening'inia nayo, aliona nguzo iliyokuwa ikinyanyuka.

"Basi fungua tumvute ndani. Fungua kidogo tu."

Hilo ndilo lilikuwa jambo la busara, na Emma alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Mlango wa jikoni ulikuwa nyuma ya umati wote; huu wa mbele ufunguke kiasi cha mtu mmoja. Hatua chache. Angeweza kumshika kiuno na kumrudisha. Lakini alikuwa ameshasimamisha watu miezi mingi, na alijua kinachotokea mlango ukifunguliwa mbele ya watu wanaosukumana. Hautafunguka kidogo. Na watakaotoka watamwona Mama Generosa anapigana na turubai, na hakuna hata mmoja atakayempita bila kumsaidia. Watalishika wote. Ndivyo walivyo.

"Siwezi," alisema.

"Emma, ni mama yako."

"Najua. Siwezi. Nikifungua watatoka wote." Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni. "Wasimamishe kwanza. Wewe watakusikia. Wasimamishe."

Mchungaji Jotham alimtazama usoni. Aliona kwamba msichana huyu, ambaye hata siku ya kusoma somo alisoma kwa kunong'ona, alikuwa anamfungia nje mtu pekee aliyekuwa naye duniani. Ndipo alipoamini. Aligeuka, akainua mikono yote miwili juu ya vichwa vya watu, akapaza sauti kuliko alivyowahi kuipaza mimbarini.

"Rudini nyuma. Kaeni chini wote. Rudini."

Wimbo ulikatika vipande vipande. Walio mbele walianza kurudi, walio katikati wakauliza kuna nini, watoto wakainuliwa. Emma alihisi uzito ukimtoka kifuani. Bado kidogo, alijiambia. Wakirudi hatua kadhaa tu, nafungua. Aliangalia tena kiooni. Bwana Rasik alikuwa ameruka vichanja vyake vya majora na alikuwa anakimbia chini ya jukwaa, miwani bado kichwani, akipiga kelele kwa Kiswahili na Kigujarati. Mama Generosa alimgeukia. Kila Jumapili walitaniana, mama akimwambia ampunguzie bei ya doti, naye Bwana Rasik akimjibu aje asali kwao apate punguzo. Alianza kumjibu kitu. Bwana Rasik alimkamata mkono wa gauni na kumvuta kuelekea mlango wa duka.

Emma alishika kitasa.

Kishikio cha pili kilitoka kwa mlio kama wa risasi. Turubai lilijaa mara moja, lote, likabaki limejaa. Jukwaa liliinama polepole kuelekea barabarani, likasimama kama linalofikiri, kisha mbao zikaanza kuteleza moja baada ya nyingine, na mabomba yakafuata. Kioo cha mlango kilipasuka. Emma alianguka ndani, na mlango ukampiga mgongoni ukakwama nusu wazi, kwa sababu nje kitu kizito kilikuwa kimeuegemea.

Kelele ile haikwisha upesi. Ilipokwisha, ndani palikuwa na vumbi jekundu na kimya, na watu walikuwa wamekaa chini sakafuni kama walivyoambiwa.

Emma alitoka kwa mlango wa jikoni. Hakumbuki nani alijaribu kumzuia. Kutoka uchochoroni aliona barabara imejaa vyuma, maboga yamepasuka, majora ya vitambaa yamefunguka na kutanda juu ya mabomba, ya njano na ya zambarau. Turubai lilikuwa limelifunika gari moja vizuri kabisa. Bwana Rasik alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka lake, damu ikimtoka kwenye paji la uso, amemshikilia Mama Generosa kwa chini ya kwapa. Nusu ya mwili wa mama ilikuwa ndani ya duka. Nusu nyingine ilikuwa nje, na bomba lilikuwa limelala juu yake.

"Anapumua," alisema Bwana Rasik. "Nimechelewa hatua moja. Mtoto, anapumua."

Emma alipiga magoti. Alitaka kuliondoa bomba na alijua hatakiwi kuligusa. Alikaa hivyo, mikono imeinuliwa juu ya chuma, akiongea na mama yake mdogo maneno ambayo mwenyewe hakuyasikia, mpaka zimamoto wenye helmeti za njano walipofika na kumnyanyua.

Hospitalini walimfanyia Mama Generosa upasuaji wa nyonga na bega. Daktari alisema ataishi. Alisema pia, akipanga maneno yake vizuri, kwamba kutembea ni jambo la kusubiri na kuona. Katika korido wazee wa kanisa walikaa mstari mmoja. Mzee Norbert alikuwa mwisho wa mstari, hana tai, na hakuna aliyemwambia neno. Emma alipopita, mzee alisimama. Kisha akakaa tena. Emma alimtolea shikamoo kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na mzee hakuweza kuitikia.

Siku aliporuhusiwa kuongea naye, mama yake mdogo alikuwa amelala chali, nywele zake nje bila kilemba, jambo ambalo asingelikubali kama angekuwa na nguvu. Alionekana mdogo. Mashine ilihesabu kitu pembeni yake. Emma alivuta kiti, akamshika vidole vya mkono mzima.

Mama Generosa alisema, bila kufungua macho:

"Nilikuona kwenye kioo."

"Ndiyo, mama."

"Nikasema moyoni, Emma ameniona. Atakuja. Nikashika kamba nikikungoja."

Emma alikuwa ameandaa mengi ya kusema. Vishikio, upepo, milango inayofunguka kwa ndani. Alikuwa ameyasema yote kwa polisi, kwa watu wa halmashauri, kwa mtu wa bima aliyekuja na kompyuta, na kila mmoja alimwambia alifanya sawasawa. Mmoja alitumia neno shujaa. Hapa kitandani maneno hayo hayakuwa na pa kukaa.

"Nilishikilia mlango," alisema.

"Ulishikilia."

"Mchungaji aliniambia nifungue nikuvute. Nikakataa. Watu walikuwa wanasukuma, wangetoka wote."

Mama Generosa alifungua macho. Aliyaelekeza darini, si kwake. Chozi moja lilimtoka kwa kando likaingia sikioni, na hakuwa na mkono wa kulifuta. Emma alitaka kulifuta akaogopa kumgusa.

"Nani ameumia mwingine?"

"Bwana Rasik, kidogo, kichwani. Wa ndani hakuna."

"Watoto wa kwaya?"

"Hakuna, mama."

Muuguzi alipita na kuangalia mashine, akaondoka. Nje ya dirisha upepo ulikuwa umeisha na mji ulikuwa unaendelea na shughuli zake kama kawaida. Emma alihesabu moyoni namna atakavyoishi ikiwa mama yake mdogo hatasema neno jingine kwake. Aliona kwamba ataishi hivyo hivyo. Atampikia, atamwosha, atamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, na jambo hili litakaa kati yao kwenye kila meza.

"Sitaki kusema nimeelewa," Mama Generosa alisema hatimaye. "Naumwa sana, Emma. Sina nafasi ya kuelewa leo."

"Sawa, mama."

"Kesho usije na watu. Njoo mwenyewe."

"Nitakuja."

"Haya. Nisogezee huo mto, shingo inaniua."

Emma aliinuka, akapitisha mkono chini ya kichwa chake na kuuvuta mto. Aliuvuta vibaya, na mama yake mdogo akaguna kwa maumivu.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Taratibu. Anza tena."

Emma akaanza tena.